Kokwa Iko Nje

Chuoni nilifundishwa kwamba fahamu ni taa
iliyowashwa chumbani. Mwaka wa pili
taa ikazimwa, tukapewa jukwaa
na mtu mmoja gizani, anatazama.
Mwaka wa tatu ikawa kompyuta.
Na daima ubaoni lile jabali la barafu,
ncha juu ya maji, lililobaki limezama.

Nimerudi Newala. Barafu huku
ni ya ubuyu, shilingi mia, kwenye kifuko.
Unaiona yote. Kisha inayeyuka.

Somoe Nambunga, mbanguaji wa korosho,
kaketi mbele ya meza yangu,
vidole vimebabuka kwa mafuta ya maganda.
Tangu amzike pacha wake
huanguka kazini, kisu bado mkononi.
Nikauliza kama fomu inavyotaka:
Nini kinapita kichwani mwako?

"Kichwani?" Akajishika. "Kichwani kuna mtandio.
Fahamu zangu zikipotea hazijifichi humu.
Huwa zimekwenda kwa Nasma.
Zikishamwona, zinarudi."

Nikaandika: *anasema zinarudi.*
Kalamu ikagoma hapo.
Maana ndivyo tusemavyo sote mtu akizinduka,
fahamu zimemrudia:
ni nyingi, zina miguu,
zinajua mlango wa kwao.
Na akili nazo ni nywele, kila mtu ana zake,
lakini hata nywele zimeota nje,
na wa kukusuka ni mwingine.

Miaka minne darasani
sikuwahi kuisikiliza lugha niliyoliliwa nayo.

Aliniachia bibo, jekundu, la moto kwa jua,
korosho ikining'inia chini yake
kama mtoto aliyegoma kuingia ndani.
Nimeyala haya tangu sina meno
nisijiulize hili ni tunda gani
linaloiweka kokwa yake nje,
kwenye vumbi, jirani na mkono wa mpita njia.

Sisemi nimepata.
Kokwa nayo ina ganda, na ganda linaunguza,
na wiki ijayo nitaiona nyufa
mfano huu unapovujia.
Bibo lenyewe limeshavuja, juu ya faili lake,
na doa la bibo, muulize mama yeyote wa huku,
halitoki.

Nimekata neno *kichwani* kwa wino.
Jumanne akija nitamuuliza
wamekula nini huko.