Saa Ngapi Huko Mlimani

Ruwi, ghorofa ya tatu, juu ya fundi cherehani.
Lifti imekufa tangu Mfungo Sita,
na shangazi Zeyana kalaza mlima juu ya meza ya chakula.
Wiki ya pili sasa tunakula sakafuni.
"Mlima haujakauka," anasema. "Nyinyi mna haraka gani?"

Ameuchora kwa masimbi ya kahawa
na rangi ya mageti iliyobaki kwa jirani:
mbavu za Hajar, kavu,
zimejikunja kama ngamia aliyesusa.
Angeishia hapo, ingekuwa picha ya ukuta wa benki.
Lakini adabu hiyo hana.
Anachukua kokwa ya tende, anaichonga kiuno;
kichwa, punje ya pilipili manga;
miguu, waya wa simu ya zamani.
Na mimi niliyesomea uhasibu
nashika kibano na gundi, pumzi nimeizuia.

Huyu, urefu wa ukucha, anaanika kanga
kwenye mchirizi wa rangi ulioponyoka.
Yule anasugua doa la chai
(chai niliimwaga mimi)
kwa ufagio wa unywele mmoja.
Polisi kasimamisha mbuzi wa rangi
ili mbuzi wa nta wapite.
Bibi harusi kapanda ngazi ya njiti za kiberiti,
kachovya kidole winguni, anaonja.
Na mmoja kakaa juu ya fremu, katupa mgongo,
miguu inaning'inia nje ya picha kabisa.
"Huyo kachoka na sanaa. Mwache."

Bi Shinuna wa mlango wa pili
alileta mkate wa kumimina,
akaona, akaweka sahani, akainua kidole:
"Zeyana! Kesho mbele ya Mola utaambiwa watie roho!"
Shangazi akavua miwani.
"Nyuso nimewatia? Tazama.
Macho hawana, pua hawana. Wana kazi tu."
Bi Shinuna akainama, akakagua pilipili moja moja,
akala mkate wake mwenyewe, vipande viwili,
kisha kwa sauti ya chini:
"Mbona kanga ile haina jina?"

Shangazi akaliandika kwa ncha ya sindano.
Jina gani, sijui mpaka leo.
Wanajua wao wawili, na wakikutana ngazini
hushikana mabega wakacheka.

Alhamisi akaja Mofazzal kutengeneza kiyoyozi,
shati limemganda mgongoni.
Alipofika mezani akasahau bisibisi mkononi.
Pale jabalini, penye mwamba mtupu,
kokwa moja inaning'inia kwa uzi wa cherehani,
mgongoni kabeba kiyoyozi cha ganda la kiberiti.
"Huyu mimi," akasema, kwa Kiarabu chake cha sokoni,
akacheka hadi akakaa chini.
Halafu akanyamaza. Akausoma mwamba.
"Mama, saa ngapi huko mlimani?"

Shangazi hakufikiri. "Saa saba mchana."

"Saa saba marufuku," akasema Mofazzal.
"Kiangazi, kazi ya juani, saa saba. Sheria."
Akarudi kwenye kiyoyozi chake.

Usiku ule sikulala, kwa harufu ya rangi.
Shangazi, kanga kiunoni, alikuwa anausukuma mchana
mpaka saa kumi.
Na saa haisogei kwa mtu mmoja.
Kivuli cha kilele kilishuka, kikampata yule wa kamba,
kikampata polisi, mbuzi wa rangi na wa nta,
kikaifikia kanga, ambayo sasa haitakauka.
Bibi harusi alibadilishiwa wingu zima,
sijui kama ladha ni ile ile.

Yule wa juu ya fremu tu hakuguswa.
Kivuli chake hakimo pichani:
kinatoka kwenye taa yetu,
kirefu, kimevuka ukuta, kimeingia jikoni.

Asubuhi nikauliza meza.
"Mlima," akasema shangazi, "umelowa upya."