Faili Lisilosafiri

Wepukhulu aliandika nenosiri ndani ya msimbo,
mstari wa kumi na saba, bila aibu,
kama mtu anayechora namba ya simu yake ukutani.
Jina la mwanamke, kisha mwaka.
Nililisoma nikageuza macho,
kama niliyefungua bafu na kukuta mtu.

Ilikuwa Aprili. Maji yalining'inia
kama nyuzi nyeupe kwenye jabali la Wanale,
umeme ukienda na kurudi hapa Mbale,
nami, mgeni wa wiki tatu katika ofisi ya ushirika,
nikafanya jaribio dogo kwenye kompyuta yangu:
futa yote, anza upya.
Nilidhani nafuta vya kwangu.
Lakini programu haikujua iko mezani pa nani.
Ilijua anwani moja tu, ile iliyokaririshwa,
ikaenda moja kwa moja hadi hifadhidata yenyewe,
ikabisha, ikataja lile jina na ule mwaka,
ikafunguliwa,
ikafuta.

Kilo za wakulima mia mbili na kumi na wawili.
Kahawa iliyoshuka Bududa kwa punda na kwa vichwa vya watu.
Skrini ikasema: sawa.
Sijawahi kulichukia neno hilo kama siku ile.

Siku tatu, usiku na mchana, tulirudishia kutoka daftarini.
Apolot wa mizani, Mteso asiyejua Kigishu,
alinisomea kwa Kiswahili chetu cha kukutania,
kidole kwenye mstari, malewa yakipoa kando:
"Khainza, arobaini na tatu na nusu.
Wandeba, kumi na tisa. Huyu kalio la gunia lilikuwa bichi, nilimkata."
Hakunilaumu. Aliuliza jambo moja:
"Hii kitu yako ikiamka asubuhi,
haiulizi iko wapi?"

Haikuwa inauliza.

Nikafuta mstari wa kumi na saba.
Mahali pake nikaandika swali.
Sasa ikiamka huyaambia mazingira:
hapa hifadhidata iko wapi? mlango namba ngapi?
niingie kwa jina gani, kwa neno gani?
Kwangu hujibiwa: papa hapa,
wakulima wa kubuni, kilo za uongo, futa upendavyo.
Kule kwenye seva hujibiwa vingine,
na majibu ya kule siyajui yote,
wala sitaki.
Isipojibiwa, ikatae kuamka. Hilo nililikazia.
Ianguke mlangoni ikisema sijaambiwa,
kuliko kubahatisha nyumba ya watu.

Majibu yangu yanakaa kwenye faili dogo
ambalo jina lake huanza na nukta;
orodhesha folda, hulioni.
Msimbo tunatumiana kutwa, hili halibebwi.
Linalosafiri ni pacha wake mtupu:
kushoto majina ya vigeu, kulia hakuna kitu,
kama fomu ya ushirika kabla mkulima hajafika.

Bado kulikuwa na lile jina.
Msimbo hausahau: rudi nyuma matoleo manne,
lipo, limekaa palepale.
Siri ikishatoka hufuti mdomo wa aliyeisikia,
unabadilisha kitasa.
Nikabadilisha, kisha nikampigia Wepukhulu, yuko Juba siku hizi.
"Umelitoa?"
"Nimelitoa."
Upepo ulivuma kwenye simu yake.
"Mama yangu huyo," akasema.
"Mwaka ndio aliouza hapo gunia la kwanza. Bado anauza."

Nikafungua daftari.
Namba themanini na nane, kilo thelathini na moja,
mwandiko wa Apolot, tarehe ya Machi.
Usiku ule nililiandika jina lake kwa usingizi, sikulitambua.
Tulikuwa tumemfuta
kwa ufunguo wa jina lake mwenyewe.

Nenosiri jipya lina herufi thelathini na mbili.
Si jina la mtu yeyote.