Kitalu Namba Hamsini na Moja

Mlangoni ulisema "Mbukwenyi," kwa wingi,
kana kwamba nyuma yangu imesimama wizara nzima.
Ukakaa ukingoni mwa kiti, Sechelela,
kama mtu aliyekiazima.
Nikakwambia egemea. "Asante, bosi."
Mimi si bosi, nikasema,
na kalamu yangu ikaendelea kuandika.

Fomu iliuliza: usingizi?
Ukajibu: zabibu.
Fomu iliuliza: hamu ya kula?
Ukajibu: mistari kumi na minne ya mizabibu
aliyoichimbia baba mashimo kwa sururu mwaka wa njaa.
Greda liliifuta asubuhi moja,
chai ikiwa bado haijachemka.

Nikaandika: huzuni, miezi sita.
Greda halina kisanduku.

Chuoni tulifundishwa kuiacha siasa mlangoni
pamoja na viatu vyenye tope.
Lakini wewe uliingia na ndala zako,
vumbi la Iyumbu likakufuata hadi kwenye zulia,
na chini ya dirisha msafara ukapita kwenda Mtumba,
ving'ora vikala nusu ya sentensi yako.
Tulisubiri wapite.
Wewe unajua kusubiri. Mimi nilitazama saa.

"Na fidia?" nikauliza, kwa ile sauti ya mafunzo.
"Ilifika. Ilitosha bati kumi na moja
na nauli ya kwenda kuidai iliyobaki."
Ukacheka.
Sikujua kama nina ruhusa ya kucheka.

Kisha ukauliza, polepole, kama anayeulizia njia:
"Na wewe dada, umejenga wapi?"

Mshauri haulizwi. Hilo nalo tulifundishwa.
Kuna namna ya kulirudisha swali kwa mwenyewe:
kwa nini ni muhimu kwako kujua?
Nikafungua kinywa niseme hivyo,
nikaona geti langu jeusi,
hati yenye muhuri,
na ule mche nyuma ya tangi la maji
unaochipua kila mvua zikianza, bila kupandwa.
Fundi ameukata mara mbili.
Mizizi yake, alisema, inatoka mbali.

"Iyumbu," nikasema.

Hukushtuka. Ulitazama mikono yangu, kisha yako,
ukaegemea kiti kwa mara ya kwanza tangu Februari.

"Kuna mmoja unaochipua?"
"Upo. Nyuma."
"Usiukate, basi. Mzabibu haukatwi. Hupogolewa."

Nikaiweka kalamu chini.
"Nielekeze," nikasema,
na wewe ukaanza na shina.