Kilele cha Pili

Gliwice, Februari, ghorofa ya tatu.
Mzee Alojzy kalala chali kwenye kitanda cha kukunja,
viatu kavua, soksi kabaki nazo,
na rada ndogo kama kiberiti inamtazama kifua
bila kumgusa.
"Usiongee," namwambia. "Pumua tu."
"Kupumua tu," anajibu, "ndiko kulikonishinda."

Miaka ishirini na tisa shimoni.
Alipanda juu na kiinua mgongo,
vumbi la makaa likapanda naye.

Kwenye skrini uhai wake ni milimita nne.
Unapanda, unasita, unashuka vipande vipande,
kama mtu anayeshuka ngazi gizani
akipapasa kila kidato kwa unyayo.

Mimi nilifundishwa hivi:
yageuze mawimbi kuwa masafa, tafuta kilele,
kinachobaki kiite kelele.
Nikaandika kichujio. Kikachuja.
Mstari ukanyooka, laini, mzuri,
pumzi ya kijana asiyeumwa hata jino.
Profesa Wieczorek aliukodolea macho,
akavua miwani.
"Jagna, mgonjwa yuko wapi?
Umemwaga na chai, umebaki na chujio."

Nikarudi kwenye data ghafi, usiku,
na theluji ikigonga dirisha bila mpangilio wowote
ambao ningeweza kuukokotoa.

Mzee alikuwepo, na mikwaruzo yake yote.
Lakini palikuwa na kilele cha pili,
chembamba, chenye adabu,
mara kumi na tano kwa dakika, kila rekodi.
Nililaumu feni. Nikaizima.
Nililaumu friji ya maabara ya jirani.
Nikaichomoa, maziwa ya watu yakachacha.
Nililaumu lifti.
Kwenye daftari nikaandika: chanzo hakijulikani.

Ni mzee aliyeuliza, kainama akifunga kamba za viatu:
"Na wewe unayekaa hapo pembeni, binti,
hupumui?"

Nilicheka. Halafu kicheko kikaniishia.
Wiki sita namsaka mtu chumbani kwa hesabu,
nimfute,
na mtu mwenyewe nimevaa sweta lake.

"Kule chini," akasema, akitafuta hewa kati ya maneno,
"nguzo ya chuma huvunjika kimya.
Ya mbao hulia kwanza.
Sikumwona mchimbaji
aliyeiambia mbao inyamaze."

Tasnifu inatakiwa Juni.
Sijakifuta kilele cha pili, nimekipa rangi yake, kijani,
na herufi moja pembeni.

Fungua rekodi ya kumi na saba, dakika ya tatu.
Pumzi ya Alojzy inakatika
sekunde kumi na moja.
Sikumbuki nilifanya nini sekunde hizo,
sikusimama, sikuita mtu, kalamu ilikuwa mkononi.
Shusha macho kwenye mstari wa kijani.

Nao umesimama.