Mizani ya Asubuhi

Jua halijaparamia bati la ukumbi,
Semboja keshawafukuza mbuzi wa watu wa Gofu kwenye lami
kwa honi ya gari la zimamoto, gari ambalo tangu liletwe Tanga
limezima moto mmoja tu, wa majani makavu, mwezi wa Ramadhani.
Nami nafuta mizani kwa kitambaa,
naita wa kwanza.

Ndege ni ya watu kumi na wawili. Haibebi kwa kukadiria.
Kila anayekwenda Pemba hupanda hapa kwanza
na viatu vyake, na mkoba wake, na haya zake.
Bi Time wa Chumbageni ananinong'oneza sikioni:
"Andika, mwanangu, usitamke."
Naandika themanini na nane. Natamka, "Pita, mama."
Ila polo lake la machungwa ya Muheza, kilo arobaini na tisa,
nalisogeza ukutani. Viti vyote vimelipiwa.
Ananuna. Anasema machungwa hayana kosa.
Bwana Shekilindi, mpima ardhi, anavuta tumbo ndani
kana kwamba mshale unasoma kwa macho.

Baba yangu naye alikuwa mtu wa mizani.
Alikaa barazani Mikanjuni na daftari lake, akihesabu kwa vidole,
nane huku, nane kule,
na siku ikipungua moja, chakula kilipoa mezani.
Aliniachia kitanda, deni la duka, na mstari huu:
Mzigo hauna jina, hujulikana kwa bega.
Nimeuhesabu mara nyingi, foleni ikiwa ndefu.
Umetimia.

Mwezi wa tatu alishuka hapa kijana wa Konde, Faki,
amemshika babake kiwiko, wanakwenda Bombo.
Siku ya kurudi nilimpima mzee: sitini na tatu.
Mwezi wa tano: hamsini na moja.
"Mizani yenu mbovu hii," alisema, akacheka hadi akakohoa.
Nikamwambia kweli, mzee, fundi hajaja.
Fundi alikuwa amekuja Jumatatu yake.

Leo Faki yuko mbele yangu na tiketi mbili, mtu mmoja.
"Tumemzika juzi, baada ya alasiri. Huku huku."
Nikasema ya kusemwa.
Akaweka kwenye mizani mfuko wa plastiki:
kanzu, kofia, redio ndogo iliyofungwa mpira.
Bakora haikuingia, akabaki nayo mkononi.
Kilo mbili na robo.
Kitabu changu kina safu mbili tu, Abiria na Mzigo.
Kalamu ikasimama kidogo.
Kisha ikaandika panapostahili, kwa mujibu wa kanuni.

Rubani akaja na kikombe chake cha chai ya tangawizi.
"Jumla?"
Nikampa. Akapiga hesabu kwenye kiganja, akatazama nje,
kifuko cha upepo kimelegea kama soksi ya mtoto.
"Kiti kimoja kitupu. Kuna chochote cha kupeleka?"

Sikumtazama Faki. Nilitazama ukutani.

Semboja akalibeba polo begani mpaka kiti cha nyuma,
akalifunga mkanda, akaukaza, akaligonga mara mbili
kama anavyogonga kila abiria mwenye woga.
Bi Time akainua mikono, akamshukuru Mungu, akanishukuru mimi,
akamwombea dua rubani na wazazi wake wote.
Kupitia dirishani nilimwona Faki akikaa kando ya polo.
Lilipoinama, akalizuia kwa kiwiko.
Bakora akailaza juu ya mapaja.

Dakika ishirini, na wako Pemba.
Vumbi likatua, mlio ukaishia juu ya mikonge.
Nikafungua kitabu nijumlishe upya, kwa vidole, kama baba:
abiria kumi na mmoja.
Nikarudia.
Kumi na mmoja.

Nje, mbuzi wamesharudi kwenye lami.