Ladha ya Tiyo

Birere haijaamka vizuri,
na kaka yangu Nzanzu amekwisha kupiga magoti juu ya jiwe la lava
kama mtu anayesali, ila midomo yake
imeshika tiyo.
Anavuta. Mara moja. Mara mbili.
Kabla ya chai, kabla ya salamu,
kitu cha kwanza kuingia kinywani mwake ni esanse.
Anatema. Bidoni inakohoa, chupa ya kwanza inajaa,
rangi yake kama mkojo wa mgonjwa.

"Nimeizoea," husema.
Hata figa limezoea moto, Nzanzu.
Litazame lilivyo jeusi.

Sisi wa Goma tunaijua hewa inayoua.
Mazuku tulifundishwa tungali mgongoni:
usimfunge mbuzi bondeni,
usimwache mtoto achezee shimoni kabla upepo haujavuma,
kwa maana hewa nzito hutambaa, hulala chini,
haina rangi, haibishi hodi.
Mahali pake tunasimika mti wenye kitambaa chekundu,
tunapita mbali.
Na hii ya mezani petu?
Nayo ni nzito. Nayo hutambaa.
Nayo hulala chini, palepale chini ya meza
ninapomtandikia mwanangu kitenge.

Ikifika saa nne kichwa kinampiga nyundo.
Sombe la mama, lenye mawese na samaki wakavu,
anasema lina ladha ya tiyo.
Ngozi kati ya vidole imepauka, imepasuka.
Jioni anacheka peke yake, anayumba,
na wenye pikipiki wanamtania:
"Wewe mwenzetu unalewa bure!"
Nilikuwa nikicheka pamoja nao.

Kisha ikaja Jumanne.
Kyakimwa, miaka miwili na meno yake machache,
aliamka na kiu, akaona chupa ya maji.
Mimi ndiye niliyeiweka pale.
Kwenye karatasi yake kulichorwa mlima na theluji.
Kiu haijui kusoma,
na hata ingejua, ingesoma: maji.

Jirani alikuja mbio na mawese: mnyweshe, atapike!
Mwingine na maziwa.
Nzanzu alimnyakua akakimbia naye hadi kituo cha afya,
nami nyuma yao, viatu mkononi.
Tulipofika kidole changu kilikuwa tayari kinywani mwa mtoto.
Muuguzi alinishika kiganja. "Acha.
Ikipanda tena, itashuka pabaya.
Tumbo lina uvumilivu. Pafu halina."

Usiku nne nilihesabu pumzi.
Kifua kidogo kikipiga filimbi,
nami nikiomba filimbi isinyamaze
na nikiomba inyamaze.

Ameishi. Anakula. Ananikojolea.

Lakini asubuhi ya kutoka, yule muuguzi
alimtazama Nzanzu aliyekuwa akihema mlangoni,
akavuta kope lake la chini: jeupe, kama ndani ya ganda la yai.
"Unafanya kazi gani?"
"Esanse."
"Tangu lini?"
"Miaka tisa."
Akanyamaza. Akaandika cheti cha kupima damu.
Ndani ya mfupa, alisema, kuna jiko linalopika damu,
na ndani ya esanse kuna kitu
kinacholizima jiko hilo, kuni moja moja.
Benzini.
Jina jepesi, kama la binti wa jirani.

Kipimo kile bei yake ni bidoni mbili.
Nzanzu amekunja cheti, amekitia mfukoni mwa shati,
na sasa cheti chenyewe kinanuka esanse.

Nimehamisha kitenge cha mtoto kwenda kwa mama, uani, penye upepo.
Nimefunga kila chupa kitambaa chekundu shingoni.
Wateja wanauliza: leo kuna harusi?

Alfajiri hii nimemtangulia.
Nimeificha tiyo chini ya sketi yangu,
nimemwekea kikombe cha chai juu ya jiwe.
Amekunywa polepole, akiitafuta sukari kwa ulimi
kama anayetafuta ufunguo gizani.
Kisha pikipiki ya kwanza ikapiga honi,
akanyoosha mkono.
"Lete, dada. Nitavuta na nini?"

Pampu ya mkono naijua ilipo, kwenye duka la vipuri.
Bei yake naijua pia.
Chai ilikuwa bado inatoa mvuke.
Mkono wake ulikuwa bado umenyooka.