Kiti cha Nyuma

Mama aliniita kando, akanifunga kifungo cha juu cha shati:
"Ilyas, wewe ndiye macho yangu. Kaa katikati."
Basi kila Jumamosi nilikaa katikati ya kiti cha nyuma,
magoti kidevuni, umri miaka tisa,
na mbele yangu visogo viwili:
cha dada Nazire, kimefungwa mtandio wa samawati,
na cha Bekir, kimenyolewa hadi kovu la utotoni likaonekana.
Kovu lile nililijua kabla ya dada.

Gari lilikuwa la babake, jeupe, mlango mmoja wa kijani.
Tulitoka Rize ukungu ungali umelalia mashamba ya chai,
leo tukapanda Ayder, wiki ijayo tukashukia Trabzon,
na kila kona ya mlima tumbo langu lilikuwa na neno.
Bekir hakukunja uso. Alitundika mfuko wa plastiki
kwenye ndoano nyuma ya kiti chake:
"Huu wako, bwana mdogo. Hakuna mwingine atakayeugusa."
Hiyo ndiyo ilikuwa mahari yangu.

Nilipewa kazi, nikaifanya.
Wakishikana mikono, nilikohoa.
Wakinyamaza mno, nilikohoa.
Kule ziwani, ambako maji huupindua msikiti kichwa chini,
walininunulia hindi la kuchoma, refu kama mkono wangu,
na mtu anayetafuna hakohoi.
Nadhani walilijua hilo.

Nao walizungumza nini? Mapenzi? Wapi!
Bei ya friji. Nani alale upande wa dirisha.
Kama dagaa wakaangwe kwa unga wa mahindi, alivyozoea mama yake,
au waokwe na wali, kama kwetu.
Kwa hilo waligombana kutoka Of hadi Sürmene,
mpaka dada akasema, "Geuza gari, nirudishe nyumbani,"
na Bekir akageuza kweli,
akasimama kwenye mgahawa wa kwanza kando ya barabara,
akaagiza vyote viwili.

Sherehe nazo.
Siku ya posa dada alitia chumvi katika kahawa ya Bekir,
vijiko vitatu, ndiyo desturi, mwanamume apimwe.
Akanywa yote, akapangusa masharubu: "Imekolea."
Mjomba Rüstem akautwaa mkasi akate utepe mwekundu
uliofunga pete zao mbili;
mkasi ukagoma, ukasema butu, mpaka ukalipwa.
Kipande cha utepe nilikitia mfukoni.

Idi ya kuchinja, wakwe walituletea kondoo dume,
hina kwenye paji, bangili ya dhahabu kwenye pembe.
Nikampa jina. Sikupaswa.
Mchana ule sikula, na Bekir akaisogeza sahani yake kando ya yangu,
akadai tumbo halimtaki.
Muongo. Baadaye nilimkuta jikoni,
amesimama, anakula kama aliyefunga siku mbili.
Akaniona. Akaweka kidole mdomoni.
Sikumwambia mama. Ndiyo siri pekee niliyowafichia macho yake.

Usiku wa hina wanawake walizima taa,
wakamzunguka dada kwa mishumaa, wakimwimbia mpaka alie,
maana bibi harusi asiyelia huacha maneno nyuma.
Dada akacheka. Akajaribu tena, akacheka.
Aliyelia ni mama.
Kisha zeze likakaza nyuzi zake tatu,
ukoo mzima ukashikana mikono, mabega yakiruka kama dagaa wavuni,
nami katikati, tena katikati,
kati ya kiganja cha shangazi Havva na cha mtu nisiyemjua.

Waliondoka Jumapili, mvua kama kawaida yetu.
Kwa mazoea nikaufungua mlango wa nyuma, ule wa kijani.
Kiti kilijaa mito, masanduku, sufuria zimefungwa magazeti.
Hapakuwa na katikati.
Mama akanivuta bega. "Kazi imekwisha, mwanangu."

Gari likateremka,
na kupitia kioo nikauona mfuko wangu,
bado uko kwenye ndoano yake, hakuna aliyeugusa,
unapunga, unapunga,
hadi kona ya kwanza.